"Mwalimu, Naomba Kuacha Kiswahili": Tuwajibuje Wanafunzi wa Busia na Malaba?

Mwalimu mwenzangu, ikiwa unafundisha Busia au Malaba, huenda umewahi kujiwa na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu mwenye ombi hili: "Mwalimu, naomba kubadilisha somo. Kiswahili kimenishinda." Makala haya yanadhamiria kukusaidia kumjibu.

Ombi lenyewe lina chimbuko mpakani. Wateso na Wasamia wana jamaa pande zote mbili, na wapo watoto wanaoanza masomo Uganda na kuyamalizia Kenya. Mtaala wa Uganda wa mwaka 2020 ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima katika miaka miwili ya kwanza ya sekondari, kisha likawa la hiari. Mtoto huvuka na matarajio hayo.

Katika KCSE hakuna mlango huo. Kiswahili ni cha lazima. Kiziwi pekee ndiye anayeruhusiwa Lugha ya Ishara badala yake. Yanayoweza kubadilishwa ni masomo ya hiari, kama vile Historia, Kilimo au Biashara, na hayo pia kabla ya usajili wa watahiniwa kufungwa.

Hata hivyo, kuna kuacha kwingine, kuacha moyoni. Tangu mwaka 2023, gredi ya jumla hukokotolewa kwa Hisabati, lugha moja na masomo mengine matano aliyofanya vyema zaidi. Mwanafunzi husikia hayo akasema, "Kiingereza kitanibeba." Yumo darasani, ila kitabu hakifunguliwi. Mweleze mambo mawili. Kwanza, Kiswahili chaweza kuhesabiwa miongoni mwa yale matano. Akikipuuza amejipunguzia nafasi. Pili, vyuo vikuu hutazama masomo mahususi. Anayetaka shahada ya sheria, kwa mfano, huhitaji B katika Kiingereza au Kiswahili. Kiingereza kikiteleza, atashika nini?

Baada ya hapo, mchunguze. "Kiswahili kimenishinda" ni kauli pana mno. Mtihani una karatasi tatu: Insha alama 40, Lugha 80 na Fasihi 80. Tuseme amepata 20, 46 na 22. Jumla ni 88 kati ya 200, yaani asilimia 44. Akiinua Fasihi pekee hadi 40, anafika asilimia 53. Kilichomshinda si Kiswahili, ni fasihi.

Tusistaajabu. Kijana wa mpakani huzungumza Kiswahili na madereva wa malori, wabadilishaji fedha na wanabodaboda kutwa nzima, akaamini kwamba lugha anaijua. Fasihi humdai jambo jingine: asome kitabu chote, ajibu swali aliloulizwa badala ya kusimulia hadithi upya, na athibitishe kila hoja kwa tukio au kauli ya mhusika. Chukua jibu lake moja, mpige mstari penye usimulizi mtupu, naye ataona mwenyewe alama zilipopotelea.

Isitoshe, Karatasi ya Tatu ina uhuru ndani yake. Swali la kwanza ni la lazima; matatu yaliyosalia huchaguliwa kutoka sehemu nyingine, moja kwa kila sehemu. Asiyeiweza riwaya ya Nguu za Jadi huenda akang'ara katika tamthilia ya Bembea ya Maisha, au katika fasihi simulizi aliyoisikia kwa nyanya yake. Hapa ndipo anapoweza kubadilisha. Mtahadharishe tu kwamba swali la lazima laweza kutoka sehemu yoyote, kwa hivyo asiitupe hata moja.

KCSE imepangiwa kufikia kikomo mwaka 2027. Lakini katika Gredi ya 10 Fasihi ya Kiswahili ni somo la hiari linalojitegemea, na ombi lile litarudi. Kabla ya kulikubali wala kulikataa, mwombe mwanafunzi akuletee karatasi zake tatu, mzisome pamoja.