Nyumba ya Kwanza Ukiwa na Doa CRB: Njia Ipi Itakugharimu Kidogo?

Mkopo wa simu wa Sh2,000 ambao haukulipwa unaweza kumkosesha mtu mkopo wa nyumba wa Sh4 milioni. Kanuni za mwaka 2020 zilizuia wakopeshaji kumwasilisha mtu CRB, yaani kampuni za kumbukumbu za mikopo, kwa deni lisilofika Sh1,000. Ukipita hapo, jina lako linaweza kuingia katika kumbukumbu za kampuni tatu zenye leseni nchini Kenya, yaani Metropol, TransUnion na Creditinfo, na ofisa wa benki atalikuta pale siku utakapopeleka fomu ya mkopo wa nyumba.

Waliokumbwa na jambo hili ni umati. Novemba 2022, Benki Kuu ya Kenya ilipotangaza mpango wa kurekebisha rekodi za wakopaji wa simu, waliolengwa walikuwa zaidi ya milioni 4, na madeni yao yalifika takriban Sh30 bilioni. Benki zilitakiwa kuwapunguzia angalau nusu ya deni, na wao wapewe hadi mwisho wa Mei 2023 kumaliza kilichobaki. Mikopo ya nyumba, kwa upande wake, ni kama elfu thelathini tu katika nchi nzima. Mlango wenyewe ni mwembamba hata kwa mwenye rekodi safi, kwa hiyo mwenye doa anahitaji kupiga hesabu kabla ya kugusa fomu yoyote.

Nimezilinganisha njia zilizopo, na msimamo wangu nautoa mapema: kwa mwajiriwa wa kawaida mwenye doa, kusubiri mwaka mmoja na nusu huku akisafisha rekodi na kuweka akiba kunagharimu kidogo kuliko kukubali mkopo wa haraka wenye riba ya juu. Hesabu iko hapa chini ili kila mtu aipime mwenyewe.

Kwanza tuelewane kuhusu doa. Kuna aliyeshindwa kulipa na bado anadaiwa, na kuna aliyechelewa kisha akalipa. Wa kwanza asijisumbue kuomba mkopo wa nyumba popote kabla ya kumalizana na mdai wake. Wa pili ana nafasi, ila asidhani kwamba cheti cha kuthibitisha hadaiwi kinafuta yaliyopita. Cheti kinasema tu kwamba sasa huna deni lililokwama. Taarifa ya kwamba uliwahi kukwama hubaki katika ripoti kwa miaka mitano baada ya kulipa, na benki inaiona. Inachotafuta ofisa wa mikopo ni kilichofuata baada ya hapo: je, umelipa kwa wakati kila kitu kwa miezi kumi na minane iliyopita, au bado unaruka kati ya mikopo ya simu, kutoka Fuliza hadi M-Shwari, kila tarehe ishirini?

Wapo watu mitandaoni wanaoahidi kufuta jina CRB kwa Sh3,000 au Sh5,000. Ni matapeli. Anayeweza kubadilisha taarifa ni mkopeshaji aliyeipeleka, baada ya kulipwa au baada ya kukubali kwamba alikosea. Kama taarifa si ya kweli, una haki ya kuipinga kwa kampuni ya CRB yenyewe, na huduma hiyo hailipiwi. Ripoti yako nayo unaipata bure mara moja kwa mwaka. Omba kwa kampuni zote tatu, kwa sababu deni linaweza kuonekana kwa moja na lisionekane kwa nyingine, na hujui benki yako itachungulia wapi.

Kama deni la zamani ni la benki na limevimba kwa riba, kuna kinga ambayo wengi hawaijui. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinaizuia benki kudai riba inayozidi kiasi cha deni la msingi kilichokuwepo siku mkopo ulipokwama. Ulikwama ukiwa na Sh100,000, riba juu yake haiwezi kupita Sh100,000 nyingine. Ukienda kujadiliana na benki, nenda ukilijua hilo, na makubaliano yoyote ya kupunguziwa yawekwe kwa maandishi pamoja na tarehe ambayo watapeleka taarifa mpya CRB.

Sasa tuje kwenye bei. Chukua nyumba ya Sh4.5 milioni pembezoni mwa Nairobi, pande za Kitengela, Ruiru au Athi River, na mkopo wa Sh4 milioni kwa miaka 20.

Kwa riba ya asilimia 9.5, malipo ya mwezi ni takriban Sh37,300, na hadi deni liishe utakuwa umelipa karibu Sh8.9 milioni. Kwa asilimia 14, malipo ni Sh49,700 kwa mwezi na jumla inakaribia Sh12 milioni. Kwa asilimia 17, malipo yanafika Sh58,700 kwa mwezi na jumla inapita Sh14 milioni. Nyumba ni ile ile, na kuta ni zile zile.

Riba ya chini ya asilimia 10 inatokana hasa na KMRC, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2018 kwa ushirikiano wa serikali, benki na Sacco. Haimkopeshi mwananchi moja kwa moja. Inazikopesha benki na Sacco wanachama fedha za bei nafuu za muda mrefu, nazo zinamkopesha mnunuzi kwa riba isiyobadilika. Kuna kikomo cha mkopo, na umewalenga wenye kipato cha chini na cha kati, basi uliza kiwango cha sasa kabla ya kuchagua nyumba. Mikopo hii ndiyo nafuu kuliko yote, na ndiyo yenye ushindani mkubwa. Mwenye doa bichi hukwama hapa.

Mikopo ya kawaida ya benki ina riba inayopanda na kushuka. Februari 2024 Benki Kuu ilifikisha kiwango chake cha riba asilimia 13, na waliokuwa tayari na mikopo ya nyumba walipata barua za kuongezewa malipo. Kiwango hicho kilianza kushuka Agosti mwaka huo. Tangu benki ziruhusiwe kumpimia kila mteja bei kulingana na hatari yake, mwenye rekodi mbaya hakataliwi tu kama zamani. Anaweza kukubaliwa, lakini kwa asilimia kadhaa zaidi, na hapo ndipo ile asilimia 17 ya mfano wetu inapoingia.

Tofauti ya malipo kati ya asilimia 17 na 9.5 ni takriban Sh21,400 kila mwezi. Tuseme unaamua kusubiri miezi kumi na minane. Kodi ya nyumba ya Sh25,000 itakula Sh450,000 katika muda huo. Tuseme pia bei ya ile nyumba inapanda kwa asilimia 5 kwa mwaka, uongeze kama Sh337,000. Jumla ya gharama ya kusubiri, ukiihesabu kwa ukali namna hii, haijafika Sh800,000. Ile tofauti ya riba inairudisha kwa miaka mitatu na kidogo, na mkopo ni wa miaka 20. Ndiyo maana nasema subira hapa ni fedha taslimu.

Wapo watakaosema: nichukue mkopo ghali sasa, kisha nihamie benki nyingine rekodi ikitulia. Inawezekana. Lakini kuhama kunamaanisha kulipa upya mawakili wa kuondoa na kuandikisha dhamana, mthamini, na ada ya kuandaa mkopo, na pengine faini ya kulipa mapema. Tena utahama tu ikiwa mkopo ghali haukukushinda kwanza. Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu makato ya mshahara yapite theluthi mbili, na malipo ya Sh58,700 yanamvusha mwenye mshahara wa Sh100,000 mpaka huo akishakatwa kodi, SHA, NSSF na tozo ya nyumba. Mtu mwenye doa moja hapaswi kujitafutia la pili, na safari hii nyumba ikiwa ndiyo dhamana.

Njia ninayoipenda kwa mwenye doa ni Sacco. Si kwa sababu Sacco haziangalii CRB, maana siku hizi zinaangalia. Ila Sacco inakujua: inaona akiba yako ya kila mwezi, inawajua wadhamini wako, na kamati ya mikopo inaweza kukusikiliza. Nyingi hukopesha mara tatu ya akiba. Mwenye akiba ya Sh1 milioni anaweza kupata Sh3 milioni, na kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi kwenye salio linalopungua, kwa miaka sita, atalipa takriban Sh58,700 kwa mwezi. Kiasi hicho kinalingana na kile cha benki ya asilimia 17. Tofauti ni kwamba hapa unamaliza kwa miaka sita, na jumla ya malipo ni Sh4.2 milioni.

Ugumu wake ni muda mfupi, na watu. Wadhamini wako wanaweka akiba zao rehani kwa ajili yako. Ukikwama, makato yanahamia kwao, na udugu au urafiki wa kazini unakwisha pale. Wenye kipato kisichofika hapo wanaweza kutumia Sacco kwa awamu: mkopo wa kwanza ununue ploti, wa pili uinue msingi na kuta. Ni safari ndefu, na Wakenya wengi ndivyo walivyojenga. Baadhi ya Sacco kubwa, zikiwemo Stima, Mwalimu na Kenya Police, ni wanahisa wa KMRC, kwa hiyo mwanachama wao anaweza kuanzia kwa mkopo wa kawaida, ajenge jina, kisha aombe wa nyumba wa muda mrefu.

Kuna fedha nyingine ambazo CRB haihusiki nazo hata kidogo. Tangu mwaka 2020, mwanachama wa mfuko wa pensheni wa kazini anaweza kutumia hadi asilimia 40 ya mafao yake, bila kupita Sh7 milioni, kununua nyumba ya kuishi, mradi kanuni za mfuko wake zinaruhusu. Huu si mkopo, ni fedha zako. Mwenye Sh2.5 milioni anaweza kutoa Sh1 milioni na kushusha mkopo wa mfano wetu kutoka Sh4 milioni hadi Sh3.5 milioni, kisha nusu milioni aliyokwisha kuiweka akiba ibaki ya gharama za ununuzi. Ningemshauri hivyo mtu wa miaka 35. Wa miaka 55 afikiri mara nyingi, kwa kuwa miaka ya kuzirudisha imebaki michache.

Nyumba za serikali za bei nafuu nazo zina nafasi yake. Unajiandikisha Boma Yangu, unaweka akiba ya kianzio, na ukigawiwa unalipa polepole kwa riba ya chini kuliko ya benki. Sheria ya mwaka 2024 imewagawa wanunuzi kwa kipato: chini ya Sh20,000 kwa mwezi, kati ya hapo na Sh149,000, na zaidi ya hapo. Mnunuzi wa mara ya kwanza katika mpango huu hasamehewi bei, lakini husamehewa ushuru wa stempu. Hasara ni kwamba huchagui sana mahali, foleni ni ndefu, na huwezi kuiuza nyumba bila idhini ya bodi inayosimamia mpango huo.

Kuhusu kununua kwa mjenzi kwa awamu nyumba ikiwa bado ramani, nitasema kwa ufupi. Haulizi CRB, na hilo linawavutia wenye doa. Wengi wamelipa nusu ya bei na jengo likaishia ghorofa ya pili. Usitoe shilingi kabla wakili wako hajafanya upekuzi wa hati na kuona kama ardhi yenyewe imewekwa dhamana benki.

Usisahau gharama za pembeni, maana hazikopesheki kirahisi. Kwa nyumba ya Sh4.5 milioni mjini, ushuru wa stempu ni asilimia 4, yaani Sh180,000. Wakili wako ni takriban Sh90,000 kabla ya VAT, na ada ya benki ikiwa asilimia 1 ni Sh40,000. Ongeza mthamini, wakili wa benki na bima. Ukichanganya na kianzio cha Sh500,000, unahitaji si chini ya Sh850,000 mkononi. Mwenye kukopa kiasi hiki kwa shailoki kwa asilimia 10 kwa mwezi atalipa Sh85,000 za riba peke yake kila mwezi, na ameshaipoteza nyumba kabla hajaingia.

Nafuu moja ipo baada ya kupata mkopo. Tangu mwisho wa 2024, riba ya mkopo wa nyumba hadi Sh30,000 kwa mwezi huondolewa kwenye kipato kinachotozwa kodi. Kwa anayetozwa asilimia 30, ni hadi Sh9,000 zinazobaki mfukoni kila mwezi. Mpelekee mwajiri wako hati za benki mapema, kwa sababu nafuu hii haiji yenyewe.

Kwa hiyo, kama una doa na unataka nyumba, omba ripoti zako tatu wiki hii, lipa deni dogo kuliko yote kwanza na uchukue barua, kisha ongeza akiba yako ya Sacco kuanzia mshahara ujao. Benki ya asilimia 17 iache. Itakuwepo pale pale mwakani, na huenda wakati huo usiihitaji.