Je, Wajua? Nyimbo Kwenye Flashi, Ngoma Kwenye Simu

Je, wajua kwamba kijana wa Mpanda mjini anayekuwekea nyimbo kwenye flashi bila idhini ya msanii si mwizi kwa Kanuni ya Adhabu? Wizi kisheria ni kuchukua kitu kinachohamishika ili mwenyewe akikose moja kwa moja. Msanii hajakosa wimbo, amekosa malipo. Kosa hilo limo katika Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999.

Je, wajua kwamba sheria hiyohiyo inakuruhusu, kwa masharti, kunakili kazi iliyokwishachapishwa kwa matumizi yako binafsi? Programu za kompyuta hazimo. Wala kijana wa flashi hayumo, maana ameshapokea elfu yako.

Je, wajua kwamba mwaka 1985 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kuziita “mali ya wizi” santuri za Elvis Presley zilizotolewa kwa magendo? Mshtakiwa hakusalimika: hatia yake ya hakimiliki ilibaki palepale.

Je, wajua kwamba mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru kampuni ya simu ya Tigo iwalipe wanamuziki Mwana FA na AY zaidi ya shilingi bilioni 2, kwa kutumia nyimbo zao kama miito ya simu bila ridhaa? Kampuni ilikata rufaa. Mwaka 2023 Mwana FA akateuliwa Naibu Waziri katika wizara ya sanaa!

Je, wajua kwamba mwaka huohuo ilianzishwa tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 kwenye vifaa vya kurekodia na kunakilia? Hata anayerekodi mahubiri tu anaichangia.

Na hili linaihusu Katavi hasa. Je, wajua kwamba sheria ya 1999 inalinda pia sanaa za jadi, na kwamba anayetaka kuzifanyia biashara nje ya mazingira yake ya asili lazima apate kibali cha Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA)? Ngoma ya Wapimbwe, Wabende au Wakonongo haina mtunzi mmoja, lakini ina wenyewe. Kwangu mimi dhuluma ya hapa inaizidi ile ya flashi. Msanii wa Dar es Salaam ana wakili. Mzee wa Usevya hana hata habari kwamba wimbo wa harusi ya mjukuu wake unauzwa mtandaoni. Wewe unayerekodi kwa simu, omba ruhusa kwa wazee kwanza, kisha utaje ngoma ni ya nani.