Lori linapimwa, dereva hapimwi

Barabara ya kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ina zaidi ya kilomita 900, na lori la mzigo wa Zambia au Kongo husimamishwa kwenye mizani njiani mara kadhaa: Vigwaza, Mikese, Makambako, Mpemba. Kote huko kinachoulizwa ni uzito. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Tanzania Machi 2019, inaruhusu tani 56 kwa gari lote, na ekseli ikizidisha, mwenye gari atalipa. Ni haki, maana lami ni ghali. Ila hakuna anayemuuliza aliyeshika usukani ameamka saa ngapi na ameoga lini. Kwa dereva kabini ni chumba cha kulala, stoo na wakati mwingine jiko. Maji yamo kwenye dumu, kuoga ni usiku nyuma ya tairi, na haja ndogo ikibana kwenye foleni ya mpakani, chupa ipo. Wakazi wa kando ya barabara hulalamikia chupa hizo, nao wana haki. Lakini aliyezitupa alipaswa kwenda wapi?

Wapo wanaosema gesti zipo tele, dereva anabana posho tu. Kwa sehemu ni kweli. Lakini akienda kulala gesti, nyuma huku tangi linanyonywa dizeli na turubai linachanwa, na hasara hiyo tajiri anaweza kuikata kwenye mshahara wake. Ndiyo maana hulala garini, sikio moja likiwa macho. Usingizi wa namna hiyo haumtoshi mtu atakayeteremka mlima Kitonga na shehena alfajiri.

Jibu la kawaida ni sheria kali zaidi. Sheria haijakosekana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa mapumziko ya saa 12 mfululizo kila siku, na Kenya inamkataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa nane ndani ya saa 24. Kinachokosekana ni mahali pa kuzitumia saa hizo za mapumziko. Marekani ililiona hilo kwa uchungu. Huko kikomo ni saa 11 za kuendesha, lakini Machi 2009 dereva Jason Rivenburg, aliyefika mapema na kukosa pa kusubiri, aliegesha kwenye kituo cha mafuta kilichohamwa South Carolina akauawa kwa risasi. Sheria yenye jina lake ilipitishwa 2012, na kiini chake ni maegesho, kwa sababu saa zilikuwa zimeshawekewa kikomo. Ni kweli pia kwamba wengi hukimbiza gari kwa kuwa hulipwa kwa tripu, na hilo lirekebishwe kwenye mikataba. Lakini hata dereva mwenye mkataba mzuri anahitaji choo.

Hoja nzito kuliko zote ni kwamba biashara binafsi itajaza pengo lenyewe. Kwa chakula na bia imelijaza, tena haraka. Kwa maegesho hesabu inagoma: semi-treila moja inakula ardhi ambayo ingetosha vibanda kadhaa, na mwenye gari hataki kulipia gari lililosimama. Huduma zenye faida ndogo kwa mwekezaji na kubwa kwa umma hazijileti zenyewe. Zahanati za kontena zilizowekwa Mlolongo na Salgaa, Kenya, kwa ajili ya madereva zilihitaji wafadhili. Kwa hiyo nisingeanza na vituo vipya vya kifahari. Ningeanza kwenye mizani yenyewe, ambako gari tayari linasimama kwa lazima na mamlaka tayari ipo. Paongezwe uwanja wenye uzio, mabafu ya wanaume na ya wanawake (madereva wanawake wapo, na kwao kuoga nyuma ya tairi hakuwezekani kabisa), na mlinzi anayetoa risiti kwa kila gari, ili dizeli ikipungua usiku asidaiwe dereva. Lori la nje hulipa tozo ya barabara likiingia nchini. Sehemu yake inunue matangi ya maji.