Maua ya Udongo na Wapagazi wa Kariakoo

Ua la popi halioti Thika wala Ruiru. Ni ua jekundu la makonde ya Ufaransa na Ubelgiji, nalo Waingereza hulivaa kifuani kila ifikapo tarehe 11 Novemba kuwakumbuka askari wao. Basi niliposikia kuwa watoto wa shule wa miji hii miwili wanalifinyanga kwa udongo, mimi niliyezoea kuona kaburi likiwekewa mrehani na asumini, nilikwenda kutazama nikiwa na shaka yangu.

Shaka ilipungua nilipouona udongo wenyewe. Hukandwa, ukalainishwa kwa maji, ukaanikwa kivulini usije ukapasuka. Na chuoni tulifundishwa kuwa Adamu aliumbwa kwa udongo. Kwa mwanadamu, ua hili lafaa kuliko lile la karatasi.

Lakini, msomaji, ua ni la nani? Hapo ndipo penye neno. Katika vita vya 1914 hadi 1918, waliokufa kwa wingi huku kwetu si wenye bunduki, bali wapagazi wa Kariakoo, jina lililobaki Nairobi na Dar es Salaam. Mwaka 1917 serikali ya kikoloni iliwazoa vijana vijijini kwa nguvu, na nchi ya Wakikuyu haikusalimika. Yakisiwa kuwa wapagazi zaidi ya 95,000 wa upande wa Waingereza walikufa, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara damu, homa na njaa. Mzungu aliwekewa jiwe lenye jina lake. Mpagazi alipata sanamu, ile ya Nairobi ya mwaka 1928, isiyotaja jina la mpagazi hata mmoja. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri upungufu huo ikaomba radhi. Ama kweli, zaidi ya miaka mia!

Hata tarehe ina utata. Huku Jenerali Lettow-Vorbeck hakuweka silaha chini mpaka 25 Novemba 1918, pale Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia. Nilipolitaja hilo, mwalimu alikuna kichwa, akasema maua mengine yatangoja tarehe hiyo.

Msichana mmoja alikuwa akichora jina kwa kijiti nyuma ya ua lake, la babu wa babu yake, aliyekwenda Kariakoo asirudi. Herufi za mwisho hakuwa na hakika nazo. Akaacha nafasi, amwulize nyanyake jioni kabla udongo haujakauka.