Moses wa Mukibi bado yuko Bwera

Msomaji, siku ya soko pale Mpondwe, mama mmoja muuza vitenge hufunga mzigo wake wa kuvuka mto Lhubiriha kwenda Kasindi. Katikati ya vitenge huweka karatasi chache zilizobanwa kwa pini. Askari wa forodha alizifungua siku moja akidhani ni ankara zilizofichwa. Akasoma ukurasa wa kwanza, akacheka, akaomba nakala yake.

Hilo ndilo jarida letu la wapenzi wa Moses. Namsema Moses mtundu wa vitabu vya Barbara Kimenye, mwanafunzi wa bweni katika shule ya Mukibi, ambayo kwa jina lake refu inajidai ni taasisi ya elimu ya wana wa mabwana wa Kiafrika. Vitabu hivyo vilianza kutoka mwishoni mwa miaka ya 1960, vikichapishwa Nairobi na Oxford University Press. Waliosoma Uganda na Kenya miaka ile humkumbuka Moses na rafiki zake King Kong na Itchy Fingers kuliko wanavyokumbuka somo lolote la jiografia.

Mimi nilichelewa kumjua. Baba yangu alivuka kwenda Kongo akiwa kijana, wakati wa vita vya Rwenzururu, nami nikazaliwa na kusoma Beni, darasani Kifaransa, mtaani Kiswahili. Tuliporudi Bwera mwaka 1994 nilikuwa na miaka 13, na kwa kukosa Kiingereza nikaketishwa darasa la nne na watoto wadogo. Walinicheka kwa kumwita mwalimu "mesye". Mwalimu mmoja, Mungu amrehemu, akanipa kitabu cha Moses na kamusi iliyochanika herufi A yote. Nilisoma ukurasa mmoja kwa siku tatu. Siku niliyocheka mwenyewe bila kuangalia kamusi, nilijua nimefika nyumbani.

Novemba 1996 waasi wa ADF wakashambulia Mpondwe, tukakimbilia Kasese. Nilibeba sufuria, blanketi na kitabu kile. Kilikuwa mali ya shule, na mpaka leo sijakirudisha.

Kimenye mwenyewe alikuwa mtu wa kuhamahama. Alizaliwa Halifax, Uingereza, mwaka 1929, akaishi Kampala, akafanya kazi ya magazeti Nairobi, akarejea Uganda baada ya 1986, akaondoka tena. Alifariki London mwaka 2012. Toleo letu la mwaka ule lilikuwa na barua za watoto kwake, barua ambazo hatukuwa na pa kuzituma.

Jarida tulilianza mwaka 2008, nilipokuwa mwalimu kijana Bwera. Uingereza wapenzi wa Enid Blyton waliunda chama chao mwaka 1995, wakawa na jarida la mara tatu kwa mwaka lililolipiwa ada na wanachama. Sisi ada yetu ilikuwa mayai, maharage, au shilingi 500 kwa aliyejaliwa. Tulianza kwa stensili, mikono ikawa meusi ya wino kama ya mafundi baiskeli. Baadaye tukawa tunapeleka kurasa Kasese kupigwa fotokopi, kupitia Kikorongo, na mara nyingi nauli ilizidi bei ya karatasi.

Ndani yake watoto hutunga visa vipya vya Moses, nusu Kiingereza, nusu Kiswahili. Wazazi wengine walinung'unika kuhusu Kiswahili, maana katika Uganda wapo wanaokikumbuka kama lugha ya askari aliyegonga mlango usiku. Nawaelewa. Lakini niliwauliza: sokoni Mpondwe mnauza nyanya kwa lugha gani? Bila kurasa hizo za Kiswahili, watoto wa Kasindi wanaosoma Kifaransa wasingemjua Moses kabisa.

Shule zilipofungwa kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022 nilidhani jarida limekufa. Watoto wakaandika kwenye madaftari, bodaboda wakayapitisha nyumba hadi nyumba. Mpaka ulifungwa kwa watu lakini malori yalipita, na dereva mmoja aliweka nakala zetu chini ya kiti chake.

Kilichokaribia kutumaliza kilikuja usiku wa tarehe 16 Juni 2023. Waasi waliivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha pale Mpondwe, wakachoma bweni la wavulana. Watu zaidi ya 40 waliuawa, wengi wao wanafunzi. Mezani kwangu kulikuwa na toleo lililokuwa tayari kwenda Kasese, na kisa chake kikuu kilikuwa Moses na wenzake wamejifungia bwenini na mbuzi wa mwalimu mkuu. Nilikisoma mara moja, nikayatia makaratasi yote kwenye gunia.

Gunia lilikaa miezi saba. Mama wa vitenge alinisimamisha njiani.

"Mwalimu, lile gazeti la watoto liko wapi? Wajukuu wananisumbua."

"Mama, hivi sasa nani anataka vichekesho vya bwenini?"

"Mimi sikuuliza habari ya bweni. Nimeuliza gazeti."

Nikawarudishia watoto kalamu. Bila kuambiwa na mtu, walimhamisha Moses. Katika visa vyote alikuwa sasa mwanafunzi wa kutwa, analala kwa shangazi yake anayeuza samaki wa Katwe, anafika shule kwa bodaboda. Kusema kweli sikupenda. Kwangu Moses bila bweni ni ugali bila kitoweo. Lakini nilichapa kama walivyoandika, na kwa zaidi ya mwaka mzima hakuna mtoto aliyemrudisha Mukibi.

Muhula huu msichana wa darasa la sita ameleta kurasa nne. Moses amerudi bwenini, King Kong anakoroma, godoro limefichwa juu ya mti. Kisa kinachekesha sana. Ila ameeleza kwa mistari mirefu kwamba bweni la Mukibi sasa lina milango miwili, na kwamba funguo ya ule wa nyuma huvaliwa shingoni na Moses mwenyewe. Nilimuuliza kwa nini milango miwili. Akaniangalia kama mtu aliyeuliza jambo la kijinga.

Kurasa zinakwenda Kasese wiki hii. Mama anataka nakala 30 za Kasindi, na mimi nimepungukiwa rimu moja ya karatasi.