Livingstonia: Jina Lililohama Mara Mbili

Ng'ambo ya Ziwa Nyasa, katika milima ya kaskazini mwa Malawi, upo mji mdogo uitwao Livingstonia. Wenyeji walipaita mahali hapo Khondowe. Jina la pili halikuzaliwa hapo; lilifika likiwa limekwisha kusafiri.

Mwaka 1875, miaka miwili baada ya kifo cha David Livingstone, wamisionari wa Kanisa Huru la Uskoti walifungua kituo Cape Maclear, kusini mwa ziwa, wakakiita Livingstonia kwa kumkumbuka. Malaria ikawaua baadhi yao. Mwaka 1881 makao yakahamishiwa Bandawe, katika nchi ya Watonga. Mwaka 1894 Dakta Robert Laws akayapandisha Khondowe, penye hewa ya baridi. Kila makao yalipohama, jina lilifuata.

Atoaye jina hutangaza uwezo wake juu ya mahali. Lakini hawezi kuamua jina hilo litabeba nini baadaye. Shule ya Livingstonia iliyofundisha walimu, wachungaji na mafundi ndiyo iliyomsomesha Levi Mumba, aliyekuwa Rais wa kwanza wa chama cha Nyasaland African Congress mwaka 1944.

Machi 1959, serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari, ndege iliangusha ujumbe Livingstonia: je, wamisionari wangependa kuokolewa? Wao walipanga mawe chini, yakasomeka kutoka angani: Waefeso 2:14. Aya hiyo yahusu kubomolewa kwa ukuta unaowatenga watu. Wakabaki walipokuwa.

Kwa askari, jibu hilo lina uzito. Wakoloni walidhani kwamba kila mwenye rangi yao alihitaji kulindwa dhidi ya wananchi. Waliokuwa wakiishi na wananchi hao walijua vingine: ngao ya kwanza ya mtu ni imani ya majirani zake. Penye imani hiyo, bunduki haina la kuongeza. Isipokuwepo, bunduki peke yake haitoshi.

Tarehe 6 Julai 1964 nchi hiyo ilipata uhuru. Jina Nyasaland likaondolewa, Livingstonia likabaki. Leo jina hilo halimkumbuki msafiri mmoja tu. Linakumbusha pia wanafunzi waliodai haki ya nchi yao, na mawe yaliyokataa ukuta.