Gari Jipya: Oili ya Kwanza Ibadilishwe Wapi?

Mwalimu anaponunua gari kwa mkopo wa chama cha ushirika, siku chache hazipiti kabla ya washauri kujitokeza. Mmoja atamwonya asithubutu kubadilisha oili ya kwanza kokote ila kwa wakala wa mtengenezaji. Mwingine atamcheka na kumwelekeza kwa fundi wake wa jua kali, ambaye bei yake ni nafuu. Kila mmoja husema kwa yakini, na kila mmoja ana ukweli wake. Mimi ni mwalimu wa isimu, si fundi wa magari. Lakini nimeusikiliza ubishi huu mara nyingi, na naona kwamba aghalabu wanaobishana hawazungumzii kitu kimoja.

Chanzo cha mkanganyo ni neno "jipya". Nchini Kenya neno hili lina maana mbili linapoandamana na gari. Maana ya kwanza ni gari lililotoka kiwandani, ambalo halijawahi kumilikiwa na mtu. Ya pili, ambayo ndiyo iliyoenea, ni gari lililotumika Japani kwa miaka kadhaa, likashushwa Mombasa, na sasa ni jipya kwa mwenyewe tu. Kanuni zetu huruhusu kuingizwa kwa magari yasiyozidi umri wa miaka 8. Kwa hivyo, gari ambalo majirani wanalipongeza kwa upya wake huenda limekwisha kwenda kilomita 80,000, yaani safari ya kuizunguka dunia mara mbili.

Hebu tuanze na jipya la kwanza. Katika injini iliyo mpya kwelikweli, vyuma havijazoeana. Ringi za pistoni zinaposuguana na kuta za silinda, chembechembe za chuma hung'oka na kubebwa na oili. Ndiyo maana oili ya kwanza hutiliwa maanani kuliko zile zinazofuata. Watengenezaji hawaafikiani kuhusu wakati wake: wengine hutaka gari likaguliwe likifika kilomita 1,000, wengine husubiri hadi 5,000 au 10,000. Mwamuzi ni kijitabu cha gari lenyewe. Hata hivyo, vijitabu vingi huwa na ratiba mbili, moja ya matumizi ya kawaida na nyingine ya matumizi magumu. Safari fupifupi, foleni za magari na barabara za vumbi huhesabiwa kuwa matumizi magumu. Anayekwama kila asubuhi jijini Nairobi, au anayefundisha mahali ambapo lami haijafika, asijidanganye kwamba ratiba ya kwanza inamhusu.

Fauka ya hayo, gari hili huja na dhamana, au waranti kama wengi wasemavyo. Injini ikiharibika kwa kasoro ya kiwandani, mtengenezaji ataitengeneza kwa gharama yake. Lakini mwenye gari naye sharti aweze kuthibitisha kwamba alilitunza ipasavyo. Nchini Marekani, sheria ya mwaka wa 1975 iitwayo Magnuson-Moss kwa kawaida humkataza mtengenezaji kuifunga dhamana kwenye karakana moja, isipokuwa pale anapotoa huduma yenyewe bila malipo. Mkenya asijifunike shuka ya wenyewe. Asome mkataba aliotia sahihi. Kwa rai yangu, oili ya kwanza ya gari hili na ibadilishwe kwa wakala, na kijitabu kigongwe muhuri. Pesa zitakazozidi ni bei ya ushahidi.

Kwa jipya la pili, hoja hiyo huanguka. Dhamana ya kiwandani aghalabu imekwisha, na historia ya gari haijulikani. Kwenye fremu ya mlango wa dereva huenda pakawa na kibandiko cha kuonyesha oili ilibadilishwa lini. Lakini kimeandikwa Kijapani, na mwaka wenyewe huenda umehesabiwa kwa enzi za wafalme wao: mwaka wa 30 wa enzi ya Heisei ni mwaka wetu wa 2018. Busara ni kubadilisha oili na filta mara moja, bila kungojea kilomita zozote. Hapa fundi wa barabara ya Kirinyaga, yaani Grogan, ana faida kubwa. Mwenye gari husimama kando yake, huona kopo likifunguliwa na oili chafu ikitoka, huuliza kwa Kiswahili na kujibiwa kwa Kiswahili. Katika karakana kubwa huketishwa sebuleni, kisha akakabidhiwa karatasi ya Kiingereza iliyojaa tarakimu.

Lakini jua kali nako kuna hatari zake. Tuna sheria dhidi ya bidhaa bandia tangu 2008, ilhali oili bandia ingali inauzwa katika makopo yaliyojazwa upya. Nunua oili mwenyewe mahali unapopaamini, na kopo tupu ulitoboe kabla ya kulitupa. Hatari ya pili ni fundi anayedai kwamba nchi yetu ni ya joto, hivyo kila gari lipewe oili nzito ya 20W-50. Herufi W si kipimo cha uzito. Husimamia neno la Kiingereza la majira ya baridi. Tarakimu inayoitangulia huonyesha jinsi oili inavyotiririka injini ikiwa baridi. Inayoifuata huonyesha uzito wake katika joto la nyuzi 100. Injini nyingi za siku hizi ziliundwa kwa oili nyepesi kama 5W-30 au 0W-20. Iliyo nzito kupita kiasi huchelewa kufika panapohitajika, na huongeza matumizi ya petroli.

Ndipo taaluma yangu inaponilazimisha kusema. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 humpa mnunuzi haki ya kupata habari zitakazomwezesha kufaidi kikamilifu bidhaa na huduma. Kifungu cha 7 hukitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Mbona basi masharti ya dhamana yaandikwe kwa Kiingereza? Dai kwamba Kiswahili hakina msamiati halina mashiko. Ingia gereji yoyote usikie pistoni, ringi, filta, gasketi na klachi zikinyambuliwa bila taabu. Mafundi wamekwisha kuifanya kazi ambayo sisi wasomi tungali tunaiundia kamati.

Kwa hivyo, anayeniuliza gari lipelekwe wapi, mimi humrudishia maswali matatu. Ni jipya kwa maana ipi? Kijitabu kinataka oili gani, na baada ya kilomita ngapi? Na huko unakokwenda, ni nani atakayekujibu kwa lugha unayoielewa, kisha akakuandikia alichokifanya? Panapopatikana majibu hayo, sakafu iwe ya vigae au ya vumbi, ndipo pa kupeleka gari. Asiyejibiwa na achukue funguo zake aondoke.